Warefu wa Kuazima

Jumatatu, tarehe 4 Agosti

Shule zimefungwa. Nilikuwa nimepanga kusoma vitabu vyote vya rafu ya pili pale maktaba, kimyakimya, bila kuongea na mtu hadi tufungue. Haikuwezekana. Shangazi amekuja asubuhi na uso wa mtu aliyemeza kijiko.

Habari yenyewe ni hii: halmashauri inafanya tathmini ya mpango wake wa kupunguza udumavu. Udumavu ni pale mtoto anapobaki mfupi kuliko umri wake kwa sababu ya lishe duni na kuugua mara kwa mara. (Nimesoma kijitabu cha Shangazi chote, pamoja na ukurasa wa shukrani.) Shangazi ndiye anayesimamia jiko la uji wa lishe mtaani kwetu, kwa watoto walio chini ya miaka mitano. Tathmini iliyopita ilisema hakuna mabadiliko yanayoonekana. Hii ikisema vilevile, jiko linafungwa na sufuria zinahamishiwa kwingine.

Shangazi akasema hajali sufuria, anajali watoto. Kisha akasema ile sufuria kubwa aliichagua yeye mwenyewe. Kisha akafuta macho, akalaumu vitunguu. Hakukuwa na kitunguu hata kimoja mezani.

Nimepewa kazi! Mwandishi wa vipimo. Sababu: nina mwandiko mzuri na sisemi sana. Ila mshikaji wa ubao wa kupimia urefu ni Rula, wa darasani kwetu. Rula! Mvulana mrefu kama mlingoti, anayejua kila kitu na anayejua kwamba anajua. Ndiye aliyenipa jina la Nukta. Anasema akiniona kwa mbali hudhani sentensi imeisha.

Mama amesema ufupi nimerithi kwa bibi, na nisimwangalie kama mshtakiwa. Nilikuwa nimemuuliza tu alininyonyesha kwa muda gani.

Nimeapa. Jiko halifungwi. Nitalinusuru kwa njia za kisayansi.

Jumanne, tarehe 5 Agosti

Mpango wa kwanza: mazoezi.

Kijitabu kinasema mtoto apimwe akiwa wima, visigino na mgongo vimegusa ubao. Asiyejua kusimama anapoteza urefu bure. Basi saa nne, wakati wa uji, nikawakusanya wadogo uani kwa Shangazi. Huletwa na kaka na dada zao, maana saa hizo mama zao wako kazini. Nikawapanga ukutani. Nikawaambia wajifanye ndege amewashika nywele na anataka kuruka nao. Wakacheka, wakanyooka. Vizuri sana!

Nikamsifu aliyeonekana mrefu kuliko wote. Kosa. Wenzake wakamchunguza na kugundua siri yake, kwamba alikuwa amesimama kwa vidole vya miguu. Baada ya hapo nilikuwa na kundi zima linalotembea kama linavuka matope.

Mchana, kila ukuta wa mtaa una mtoto. Bibi wa nyumba ya kona alitoka akauliza ni katili gani anayewaadhibu malaika hawa juani. Akawagawia pipi. Sasa hawataki kubanduka ukutani.

Rula akapita na baiskeli. Akauliza kama nimeanzisha jeshi, na kama ndiyo, mbona haoni jemadari. Nilikuwa mbele yake! Jibu zuri sana lilinijia nikiwa naoga.

Jumatano, tarehe 6 Agosti

Mpango wa pili: kuwahamasisha akina mama.

Tatizo: mbele ya watu zaidi ya wawili sauti yangu inakwenda likizo. Ufumbuzi: Mama Pacha, jirani yetu. Mwambie Mama Pacha jambo asubuhi, jioni utaletewa na mtu usiyemjua, limekwisha kutiwa chumvi na limepoa tayari kuliwa.

Nilimkuta anaanika nguo. Nikamwamkia. Nikamwambia kwa sauti ndogo kwamba kesho watoto wanapimwa, na ni muhimu sana, sana, waonekane wamerefuka, kwa sababu halmashauri inataka kuona kama uji umewasaidia. Mama Pacha akanitazama, kibanio cha nguo kiko mdomoni. Akakitoa. Akasema ahsante mwanangu, umefanya la maana kunitonya, mengine niachie mimi.

Jioni nimewaona akina mama wakinong'ona kwenye ua, kila mmoja anatikisa kichwa kwa kuelewa. Mmoja alinikonyeza. Mafanikio! Na wala sikupandisha sauti.

Alhamisi, tarehe 7 Agosti

Maafa.

Mtathmini kutoka halmashauri alifika mapema. Mama mwenye miwani mikubwa na viatu vya mtu anayetembea sana. Anazungumza taratibu na kwa upole, jambo linalotisha kuliko kelele. Tulijipanga uani: Rula kwenye ubao, mimi kwenye kiti na kalamu, Shangazi kwenye sufuria.

Mtoto wa kwanza akaja amekunja magoti. Nikadhani anataka kwenda chooni. Wa pili naye hivyohivyo. Wakafuata wale pacha, wameinama bega kwa bega, kama wazee wawili wanaotafuta sindano sakafuni. Mtathmini akauliza kwa upole kama mtaa huu una ugonjwa wa miguu.

Rula alikandamiza goti la kushoto, la kulia likakunjika. Akakandamiza la kulia, mtoto mzima akakaa chini. Mama zao wamesimama pembeni wanatazama juu, wamejitia hamnazo.

Mimi naandika tu. Nikilinganisha na vipimo vya Machi, vya tathmini iliyopita, mtaa wetu hauongezeki. Unapungua! Pacha mmoja amepoteza sentimita tatu. Mtathmini akaegemea bega langu, akauliza kama shuleni tulifundishwa kutofautisha nane na tano.

Alikatiza kazi kabla foleni haijafika nusu. Akasema atarudi Jumamosi, ataanza na ambao hajawaona.

Nikamkimbilia Mama Pacha. Alinipokea kama shujaa. Akaniambia walinielewa vizuri sana. Uji unatolewa kwa sababu watoto ni wafupi, sivyo? Sasa mtoto akionekana amerefuka, uji wa nini tena? Si watamtoa? Ndiyo maana wamewafundisha kukunja, jana usiku kucha, na mwanawe mkubwa ndiye alikuwa mwalimu. Akanishika shavu. Akasema mimi si kama wasomi wengine, mimi nina moyo.

Nilimshukuru, nikaondoka kinyumenyume.

Shangazi ameosha kikombe kimoja tangu alasiri. Amejiuliza kwa sauti ni mpumbavu gani aliyewatia akina mama maneno. Nimesema watu siku hizi wanapenda sana kupiga domo.

Ijumaa, tarehe 8 Agosti

Maji yamenifika shingoni. Lakini ninaogelea.

Mpango wa tatu. Nimeupata nikiwa nimelala kifudifudi, ndipo ninapofikiri vizuri. Watoto wameshafundishwa kukunja, na siku moja haitoshi kuwakunjua. Kwa hiyo nisihangaike na magoti. Nibadilishe watoto!

Sharti: wawe wakubwa kidogo lakini wenye sura ndogo. Wenye miaka sita au saba hivi, wanaoweza kupita kwa mitatu ukiwatazama haraka. Nimewapata wanne. Tena ni rahisi mno, kadi za kliniki za wadogo zao wanazo wao, maana ndio wanaowaleta kwenye uji kila siku. Kama mpango ulikuwa unanisubiri!

Nyota wangu ni Kibogoyo, mtoto wa fundi cherehani. Mnene kiasi, mtiifu, anasimama kama askari. Kasoro yake ni meno mawili ya mbele, yaling'oka mwezi uliopita, na hapo ndipo alipopata jina. Nimemwambia kesho asifungue mdomo kwa lolote. Akiulizwa umri, anyooshe vidole vitatu. Akauliza kama uji utakuwepo. Nikasema utakuwepo. Akasema basi hata nisingemwomba angekuja.

Baba yake hakuinua macho kwenye cherehani. Akasema nimchukue, ila nimrudishe mapema, kwa kuwa yeye ndiye anayemtungia uzi kwenye sindano.

Wadogo halisi nitawafungia sebuleni kwetu na bibi yangu na pakiti mbili za biskuti. Shangazi hajui lolote. Nataka furaha imjie ghafla.

Jumamosi, tarehe 9 Agosti

Siwezi kuandika. Naandika.

Mwanzo ulikuwa mzuri. Waazimwa wawili wa kwanza walipita. Mtathmini alisoma ubao, akainua nyusi, akasema vizuri sana. Shangazi aliacha kukoroga, akatabasamu, kwa mara ya kwanza wiki hii. Rula akaninong'oneza kwamba watoto wa miaka mitatu wa siku hizi wana ndevu. Nikamkanyaga mguu. Ana mguu mrefu, haukosekani.

Zamu ya Kibogoyo. Akasimama wima, midomo ameibana mpaka mashavu yamevimba. Umri? Vidole vitatu. Mtathmini akafungua kadi. Akaisoma. Akaisoma tena. Akasema kwa upole: hapa imeandikwa ni binti.

Binti!

Sikuwa nimeangalia! Kadi ilikuwa ya mdogo wake wa kike! Nilikuwa najiandaa kueleza kwamba huko kliniki kuna watu wazembe sana. Lakini Kibogoyo ni mwanamume mwenye heshima yake. Akasema kwa sauti, mdomo wazi mpaka koo linaonekana, kwamba yeye si binti na hajawahi kuwa binti.

Mtathmini akavua miwani. Akatazama lile pengo. Akamuuliza meno yamekwenda wapi. Kibogoyo akajibu kwa fahari kwamba moja liling'okea nyumbani na jingine shuleni, wakati wa hesabu. Shuleni! Rula alicheka mpaka ubao ukamponyoka.

Ndipo lango lilipofunguliwa. Bibi alikuwa amesinzia kabla ya biskuti kwisha. Wafungwa wangu wote wakaingia, makombo mashavuni, wakiongozwa na mdogo wake Kibogoyo, aliyemfikia kaka yake kwenye mbavu. Akaenda moja kwa moja hadi kwake, akamvuta shati. "Kaka," akasema, "leo niachie uji."

Mtathmini akachuchumaa. Akamuuliza Kibogoyo kuachiwa uji maana yake nini. Naye akaeleza bila aibu yoyote. Mdogo wake anakunywa polepole, uji unapoa, na uji uliopoa si mtamu. Kwa hiyo humsaidia. Kila siku. Na mwenzake humsaidia mdogo wake. Na yule wa pale huwasaidia wawili. Mtoto mkubwa wa Mama Pacha akaongeza kutoka nyuma kwamba kusaidia kunachosha, lakini afanyeje.

Watu wote wakageuka kuwatazama waazimwa wangu. Wanene. Wanang'aa kama vikombe vipya. Kisha wakawatazama wadogo zao.

Shangazi akakaa juu ya ndoo. Akasema mwaka mzima amekuwa akishukuru Mungu kwamba vikombe vinarudi vitupu. Yeye hugawa, kisha huigeukia sufuria uji usiungue. Hakuwahi kuona nani anameza.

Mtathmini akauliza ni nani aliyewaleta wakubwa hawa. Nikatazama mawinguni. Rula akasema: Nukta. Kwa sauti yake yote! Wala hakuulizwa mara mbili! Msaliti!

Nimeambiwa huo ni udanganyifu, na kwamba utaandikwa kwenye taarifa. Kalamu nimenyang'anywa, amepewa Rula. Mimi sasa ni mbeba ubao. Ubao ni mrefu kuliko mimi. Nikiubeba watu wanaona mbao inayotembea kwa ndala.

Jumapili, tarehe 10 Agosti

Shangazi hakusema nami asubuhi yote. Mchana akasema. Alianza na mwanangu, akahamia wewe binti, akamalizia na wewe mtoto wa kaka yangu, jambo ambalo lilimfanya baba atoke nje kuangalia hali ya hewa.

Aliniuliza kama najua watu watasema nini. Watasema yeye ndiye aliyenituma. Mwaka mzima anaamka gizani kuwasha moto, na sasa jina lake litabaki kwenye watoto wa kuazima. Na jiko likifungwa, yule msichana mdogo ataachiwa uji na nani? Hata wa kuibiwa hatakuwa nao.

Jibu la hilo halikunijia hata nikiwa naoga.

Nimemwomba radhi. Kwa dhati. Mipango basi.

Jumatatu, tarehe 11 Agosti

Tumepita nyumba kwa nyumba bila kutoa taarifa. Mtathmini mbele, Rula na kalamu yangu katikati, mbao inayotembea nyuma.

Kila mlangoni Mtathmini alianza kwa kusema kwamba hakuna mtoto atakayetolewa kwenye uji kwa sababu ya kurefuka. Mama Pacha alimtaka aape. Akaapa. Mama Pacha akamtaka aape kwa jina la mama yake. Akaapa. Basi akawageukia pacha akasema haya, simameni, na pacha wakanyooka kama miavuli.

Kisha jambo la ajabu. Mtathmini alikuwa anauliza kila nyumba nani humleta mtoto kwenye uji. Wanaoletwa na wakubwa wao, vipimo vyao vimelala. Lakini wapo wachache wanaoletwa na mama au bibi, anayewapakata mpaka kikombe kikauke. Hao wamerefuka! Wote! Rula alirudia kusoma ubao akidhani amekosea. Mimi nikatamka pale nyuma ya ubao, kidogo tu, kundi la ulinganisho. Mtathmini akageuka akasema naam, hilo hasa.

Aliniambia mimi! Sikusikia chochote kingine hadi nyumba ya tatu mbele.

Kwa fundi cherehani alimpima msichana mdogo mwenyewe, polepole, kichwa akamshika kwa mikono miwili. Hakuongezeka tangu Machi, ila kidogo sana. Fundi aliacha kushona. Akauliza kama bado kuna muda. Mtathmini akasema muda upo, ila si wa kuuchezea. Akamwambia pia achemshe maji ya kunywa na mtoto akiharisha asingoje siku ya pili ndipo ampeleke kliniki, kwa sababu uji peke yake haufanyi miujiza. Kibogoyo alisimama mlangoni muda wote, uzi mkononi. Tulipotoka nikamwona anampa mdogo wake biskuti nzima, na kuondoka haraka asibadilishe mawazo.

Jioni Mtathmini alimwambia Shangazi kwamba uji unafanya kazi vizuri sana, ila kwa watu wasiohusika. Shangazi hakujua acheke au alie. Akafanya vyote.

Ijumaa, tarehe 15 Agosti

JIKO HALIFUNGWI!

Taarifa imesomwa leo kwenye ukumbi wa halmashauri. Aliyeisoma ni Rula, kwa sababu sauti yake inafika ukutani. Alikohoa kabla ya kila aya kama waziri. Sijali.

Jiko linaendelea, kwa masharti. Uji utatoka alfajiri kabla akina mama hawajaenda kazini, na kila mtoto atanywa akiwa amepakatwa na mtu mzima. Wakubwa watapewa uji wao pembeni, kwenye benchi lao, kwani nao wana njaa na hakuna aliyewahi kuuliza. Vipimo vitarudiwa baada ya miezi sita. Mjumbe mmoja mwenye tai alisema angependa uji wenyewe auonje. Shangazi akamwambia aje na anayempakata.

Mimi nimo kwenye taarifa! Ukurasa wa tisa. Panasema kuwa jaribio la udanganyifu la mwandishi mmoja wa vipimo lilisaidia, bila kukusudia, kufichua chanzo cha tatizo. Rula aliposoma "bila kukusudia" alinitazama na kuvuta maneno. Lakini ukilifikiria sawasawa: nisingewaleta wale wanne, msichana mdogo asingeingia langoni, na halmashauri ingefunga jiko zuri. Kwa hiyo, ukiondoa maneno mawili, ni mimi niliyelinusuru.

Nimejaribu kumweleza Shangazi hivyo. Amenikumbatia mpaka mbavu zikalia, kisha akanishika masikio yote mawili na kunitaka niahidi: hakuna mipango tena. Nimeahidi. Nilimaanisha kila neno.

Wakati watu wanatoka, Mtathmini alisimama tena. Kumbe mpango una sehemu ya pili. Mwezi ujao anakuja kuangalia kama akina baba wanahudhuria kliniki siku ya Jumatano pamoja na watoto wao, maana lishe ni kazi ya wazazi wote wawili. Alisoma hali ya mitaa. Mtaa wetu, mpaka sasa, ni baba mmoja, na huyo alikuwa amepotea njia anatafuta duka la vipuri. Nikamwona Shangazi anameza kijiko kingine.

Ahadi ni ahadi. Mipango basi. Haya ni maandalizi tu, na maandalizi si mpango.

Nimepita mtaani jioni yote. Akina baba wanne wameshakubali kuja kliniki Jumatano. Mmoja wao hata ana mtoto.